Jina la Mwenye Duka

Mjukuu wetu wa kwanza alipochumbiwa, mama watoto alinikabidhi karatasi yenye orodha ya viungo vya pilau na biriani, akaniambia kwamba viungo vya shughuli kubwa kama ile havinunuliwi hapa Morogoro. Vinanunuliwa Dar es Salaam, Kisutu, kwa Wahindi. Nilimwambia kwamba iliki ni iliki tu, popote inapouzwa. Hakunijibu. Mwanamume aliyekaa na mkewe miaka hamsini anajua maana ya kutojibiwa. Kesho yake alfajiri nilikuwa stesheni.

Nilipanda treni ya umeme, hii iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024. Safari iliyokuwa ikila nusu siku enzi zetu sasa haimalizi saa mbili. Mahali fulani niliiona dirishani reli ya zamani, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, nikakumbuka stesheni moja ndogo wilayani Kilosa ambako nilianzia kazi ya ualimu. Nikamkumbuka na mtu mmoja wa hapo. Nimeishi miaka mingi nikimkumbuka mtu huyo bila kuthubutu kumwandika. Insha hii, ingawa itapitia kwenye bajia na chai, inamhusu yeye.

Rafiki yangu alinipokea kwenye Mnara wa Saa. Tulikutana katika Chuo cha Ualimu Mpwapwa mwaka 1970, vitanda vyetu vikiwa jirani bwenini, na tangu hapo yeye kwangu ni Mwalimu nami kwake ni Mwalimu, ingawa kila mmoja analijua jina la mwenzake hadi la babu. Alifundisha hesabu mpaka akastaafu. Amezaliwa Kariakoo, na baba yake alikuwa mpishi katika nyumba ya Wahindi mjini kwa miaka thelathini. Kwa hiyo nilikuwa nimepata kiongozi anayefaa. Wahenga walisema, mtembezi hula miguu yake, lakini atembeaye na mwenyeji hula na kachori.

Tulitembea taratibu, kama inavyowapasa wazee, kuelekea Mnazi Mmoja. Kwa msomaji kijana nieleze kidogo. Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid wa Unguja katika miaka ya 1860, na Wajerumani wakaifanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Wao, na Waingereza baada yao, waliugawa mji vipande vitatu. Upande wa bahari penye upepo mwanana palikuwa Uzunguni. Katikati, penye maduka, palikuwa Uhindini. Nyuma kabisa palikuwa kwetu, Kariakoo na kuendelea. Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanja mpana, ndio Mnazi Mmoja. Siku hizi watu hupumzika pale chini ya miti na kudhani kwamba wakoloni walipenda bustani. La, hasha. Uwanja ule uliachwa ili ututenge, kwa kisingizio cha afya.

"Baba aliuvuka uwanja huu mara mbili kila siku," alisema rafiki yangu. "Asubuhi akiwa na njaa, jioni akinuka vitunguu vya watu."

Kabla ya kula chochote, inafaa tujiulize watu hawa walifikaje. Wengi wetu tulifundishwa, nami kwa makosa niliwahi kuwafundisha wengine, kwamba Wahindi waliletwa na Waingereza kujenga reli. Ni kweli kwamba reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, ilijengwa na vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi. Lakini wengi wao walirudi kwao mikataba ilipokwisha, na maelfu walikufa. Wenye maduka kwa sehemu kubwa ni watu wengine. Walikuja wenyewe kwa majahazi, wakisukumwa na pepo za kaskazi, kutoka Kachi na Gujarati, wakarudi kwa kusi, wakaja tena. Wareno walipotia nanga Malindi mwaka 1498 walikuta vyombo vya Wahindi bandarini. Kwa hiyo Mhindi aliijua pwani yetu kabla Mzungu hajaiona.

Katika karne ya kumi na tisa matajiri wa Kihindi ndio waliokodishiwa forodha ya Unguja na masultani. Mmoja wao, Tharia Topan, alimkopesha Tippu Tip bidhaa za misafara yake ya bara. Tusifiche: katika madaftari ya matajiri wale zilipita pembe za ndovu, na faida ya utumwa nayo ilipita humo humo. Lakini katika watu hao hao alikuwapo Sewa Haji wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1897, ambaye alitoa mali yake kujenga shule Bagamoyo na hospitali Dar es Salaam. Leo mgonjwa akilazwa Muhimbili anaweza kuambiwa aende jengo la Sewa Haji, naye asijue kwamba Sewa Haji alikuwa mtu, na tena mwenye duka. Alikuwapo pia Allidina Visram, aliyekuja kijana mdogo kutoka Kachi, akaanzia Bagamoyo, kisha akapanda maduka kufuata njia za misafara mpaka Uganda kama mtu anayepanda mikorosho. Alipofariki mwaka 1916 hapakuwa na tajiri asiyemjua kati ya Mombasa na Kampala.

Tulipofika Kisutu tuliingia katika mgahawa mdogo wa chai, wenye meza za marumaru zilizopasuka pembeni. Tuliletewa chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi, bajia za dengu zenye moto, kachori, na chatne ya nazi katika kibakuli. Bajia ya hapo si ile ya kukaangwa asubuhi na kuliwa jioni. Inavunjika yenyewe ukiigusa, na ndani utaona kotmiri mbichi na vipande vya pilipili. Rafiki yangu alikula ya kwanza amefumba macho. Halafu akasema neno moja tu: "Hamira ya magadi, kidogo." Alikuwa akimkagua mpishi.

Mimi nimezoea kufundisha lugha, na mdomo ukishiba akili hurudi kazini. Nikamwambia tuhesabu maneno ya Kihindi yaliyomo katika Kiswahili chetu. Ya mezani yalikuwa rahisi: chapati, bajia, kachumbari, achari. Kisha tukatoka jikoni tukaingia mjini: gari, bima, hundi. Hapo rafiki yangu akasema: "Laki." Kweli, laki ni hesabu ya Kihindi, mia elfu. Nikasema: "Cheti." Neno hilo kwa Wahindi ni barua fupi, kikaratasi. Mwaka 1971 nilitoka Mpwapwa nimekishika cheti changu kwa mikono miwili nikidhani kwamba nimeshika kitu cha Kizungu, kumbe hata jina lake limekuja kwa jahazi.

"Umesahau moja," akasema. "Bepari."

Nikanyamaza. Anasema kweli. Bepari asili yake ni neno la Kigujarati lenye maana ya mfanyabiashara, basi, mchuuzi tu. Sisi tulilichukua, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 tukalitia sumu. Nimewaimbisha watoto wa darasa la tatu kwamba ubepari ni unyama, wakiwa wamejipanga mstarini, na nyimbo zikasikika mpaka dukani kwa yule mtu wa stesheni. Neno tulilomtukania lilikuwa lake.

Tulipotoka, rafiki yangu aliniambia nisitazame madirisha ya maduka, nitazame juu. Katika mitaa ile, baina ya magorofa mapya ya vioo, zimebaki nyumba za zamani za ghorofa moja au mbili, duka chini na makazi juu, zenye roshani na nakshi za saruji. Juu kabisa, mahali ambapo kwa mtu pangekuwa paji la uso, utaona mwaka umechorwa, 1928, 1936, na mara nyingine jina la mwenye nyumba. Jina liko palepale ingawa mwenyewe aliondolewa zamani. Mwezi Aprili mwaka 1971 serikali ilipitisha sheria ya kutaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja. Laki, tena. Nyumba zikaenda kwa Msajili wa Majumba, na zile zilizozidi miaka kumi wenyewe hawakulipwa fidia. Wengi wa walionyang'anywa walikuwa Wahindi. Mwaka uliofuata, 1972, Idi Amin aliwafukuza Wahindi wa Uganda, na hata waliokuwa huku kwetu, ambao hakuna aliyewafukuza, wakaanza kufunga masanduku.

Nisidanganye kwamba wakati ule niliumia. Nilikuwa na miaka ishirini, na niliona haki imetendeka. Vipande vile vitatu vya mji vilikuwa bado havijasahaulika. Hata leo sisemi kwamba nia ilikuwa mbaya. Nasema tu kwamba sikuwahi kutazama juu na kusoma majina.

Mchana tulikula katika mkahawa wa mboga tupu, karibu na mahekalu ya Mtaa wa Kisutu. Hapo hakuna nyama wala yai. Unaletewa thali: sahani pana ya chuma, na juu yake vibakuli vidogo vimepangwa duara, dengu, viazi vya bizari, biringanya, maziwa ya mgando, achari ya embe, na kitamu kidogo pembeni. Chapati ndogo nyembamba huja moja moja kutoka jikoni zikiwa zimevimba kwa moto, na mhudumu anaendelea kukuongeza mpaka utakapofunika sahani kwa kiganja. Kibakuli kimoja kilikuwa na mchuzi mwepesi wa rangi ya manjano. Rafiki yangu aliuonja, akaweka kijiko chini.

"Hii ni kadhi," alisema. "Maziwa ya mgando na unga wa dengu. Baba alikuwa akiipika kila siku ya Mungu. Mimi ndiyo kwanza leo naila nikiwa nimekaa kwenye kiti."

Sijui kwa nini maneno hayo yalinifungua kinywa, lakini hapo ndipo nilipomsimulia habari ya mtu wa stesheni.

Nilipangiwa shule yangu ya kwanza mwaka 1972. Mji wetu ulikuwa stesheni, mashine ya kusaga, mstari mmoja wa nyumba za mabati, na duka la Mhindi. Mishahara yetu walimu wa vijijini ilichelewa mara kwa mara, mwezi, hata miezi miwili, na katika muda huo wote tuliishi kwa daftari lake. Lilikuwa daftari refu jembamba lenye jalada jekundu, nalo liliandikwa kwa maandishi ya Kigujarati ambayo hatukuweza kuyasoma. Ulichukua sabuni, mafuta ya taa, sukari, chumvi, yeye akaandika. Sasa ninaelewa, kama ambavyo kijana yule hakuelewa, kwamba yeye naye alikuwa amekopa. Muuzaji wa jumla wa Morogoro au Dar es Salaam alimpa mali kwa ahadi, na huyo naye aliahidiwa na mwagizaji wa bandarini. Kibaba changu cha sukari kilining'inia kwenye mnyororo wa madeni uliofika Bombay. Kila pete ya mnyororo ule ilishikwa na neno la mtu tu.

Alikuwa na kasoro zake. Mizani yake ilikuwa na kidole, kama tulivyosema, na mkulima aliyemletea pamba au ufuta alijua kwamba kilo ya kununulia si sawa na kilo ya kuuzia. Lakini hakuwahi kumrudisha mwalimu mikono mitupu. Mwaka 1975 nilipooa, nilichukua kwake doti mbili za kanga za bibi harusi, sukari ya karamu na vitu vingine vidogo. Deni lilikuwa shilingi 47 na senti 50. Aliandika, akaniambia: "Mungu akupe watoto, Mwalimu."

Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalitakiwa yafungwe ili yapishe maduka ya ushirika. Kwetu iliundwa kamati ya kuhesabu mali, na kwa kuwa mimi nilikuwa na hati nzuri, niliitwa nishike kalamu. Tulihesabu siku nzima: mabeseni, koroboi, majora ya kaniki, makopo ya dawa ya mbu. Mwenye duka alisimama nyuma ya kaunta yake, akijibu akiulizwa. Daftari jekundu lilikuwa chini ya kwapa lake. Mjumbe mmoja akauliza, na hilo je? Yule mtu akatutazama mmoja mmoja, wajumbe wote, na mimi. Hakuna miongoni mwetu aliyekuwa hadaiwi. Akasema polepole: "Hili si mali ya duka." Tukaona ni heri tukubali.

Mwisho nikarudi kwenye ukurasa wa kwanza wa orodha, palipoachwa nafasi ya jina la mwenye duka. Nikainua kalamu. Mjumbe yule akasema: "Andika tu Mhindi." Na mimi, ambaye nilikuwa nikimrudishia mwanafunzi daftari lake kama hakuandika jina kamili, nikaandika: Mhindi wa stesheni. Mwenyewe alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Leseni yake ilikuwa imetundikwa ukutani nyuma yake, katika fremu, yenye jina lake. Sikuinua kichwa. Baada ya wiki mbili aliondoka kwa treni ya usiku. Deni langu sikulilipa. Duka la kijiji lilidumu miezi michache, kisha likabakiwa na chumvi na majembe. Nayo miaka iliyofuata, mpaka biashara ilipoanza kufunguliwa mwaka 1984, tuliitumia katika foleni za sabuni.

Rafiki yangu alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitarajia anifariji. Yeye ni mwalimu wa hesabu. Akaleta upande wa pili wa mlinganyo.

"Deni lako nimelisikia, Mwalimu," alisema. "Sasa sikia la kwao. Baba aliitwa boi mpaka nywele zikawa nyeupe. Watoto aliowabeba mgongoni walimwita boi. Nyumba ilipotaifishwa mwaka 1971, wakaamua kuondoka, yule bwana alimpa shilingi mia mbili na cheti, ili apate kazi kwingine. Ninacho mpaka leo. Kimeandikwa kwamba mchukuaji wa barua hii ni mpishi hodari na mwaminifu, amefanya kazi kwetu miaka mingi. Mchukuaji wa barua hii. Miaka thelathini, Mwalimu, na hawakuwa na jina la kuandika."

Nikamwuliza kama anawachukia. Akafikiri.

"Mama wa nyumba ile ndiye aliyeninunulia sare yangu ya kwanza ya shule," akasema. "Bila yeye nisingefika Mpwapwa, na wewe ungepata jirani mwingine wa kitanda. Siwezi kumchukia. Lakini sare alimpa mtoto wa boi."

Hatukuendelea. Mhudumu alikuja na chapati, tukafunika sahani zetu kwa viganja.

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile. Tunapoandika historia ya Wahindi na Waafrika katika nchi hii, wengine huandika habari za unyonyaji na wengine huandika habari za ukarimu, kila mtu na ushahidi wake. Yote mawili yalikuwapo, tena katika duka moja na jiko moja. Haikuwa kwamba hatukuweza kujuana. Mwaka 1958, chini ya mpango wa kura tatu, kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mhindi na Mzungu, na TANU iliwaunga mkono wagombea wa rangi zote tatu. Ndivyo tulivyompata Amir Jamal, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha kwa miaka mingi. Jina la Jamal tulilijua sote, kwa sababu alikuwa katika gazeti na redio. Lakini mtu aliyekuwa mbele yetu kila siku, akitupimia sukari au akitupikia kadhi, huyo tulimwita kwa kabila lake au kwa kazi yake, na tukaona inatosha.

Alasiri ndipo tulipokwenda kununua viungo. Duka lilikuwa jembamba na refu kama behewa, magunia wazi chini, mitungi ya vioo juu, na harufu iliyokufanya upige chafya mara ukivuka kizingiti. Mwenye duka alikuwa mzee, pengine umri wetu au miaka michache pungufu, amevaa miwani yenye kamba. Nilimpa karatasi ya mama watoto. Rafiki yangu akaichukua kutoka mkononi mwake na kuanza kazi. Bizari nzima aliisugua kwenye kiganja, akainusa, akairudisha: ya zamani. Mdalasini aliuvunja asikilize mlio wake. Kisha akaanza kuagiza na vitu vyake mwenyewe, uwatu, haradali na mvuje, lakini hakuvitaja kwa Kiswahili. Alisema methi, rai, hing, kama alivyosema baba yake.

Yule mzee akaacha kupima.

"Haya umejifunza wapi?"

"Kwa baba. Alikuwa mpishi mtaa wa pili kutoka hapa."

"Aliitwa nani baba yako?"

Nilimwona rafiki yangu akisita, kama mtu aliyepigiwa hodi na mgeni aliyekwisha kumkatia tamaa. Kisha akalitaja jina la baba yake, na la babu yake, na la babu wa babu, na kijiji chao kule Kisarawe. Alilisema lote, polepole, kama anaandika ubaoni. Mwenye duka alilirudia taratibu, akitikisa kichwa.

"Simkumbuki," alisema. "Mimi nilikuwa mtoto. Labda baba yangu angemjua."

Basi. Hakukuwa na muujiza wowote, wala hakuna aliyelia. Alirudi kwenye mizani yake, akapima iliki, na mizani ilipotulia akachota nyingine kwa vidole vitatu, akaongeza.

Nami nikaona jinsi jambo lilivyokuwa jepesi. Limemchukua pumzi moja. Nikamwambia: "Na wewe, mzee mwenzangu, unaitwa nani?" Akanitajia jina lake, la baba yake na la babu yake, majina matatu yanayofuatana, sawasawa na yetu. Babu yake alitoka Kachi. Yeye amezaliwa nyumba ya pili kutoka pale. Siliandiki jina lake hapa kwa sababu sikumwomba ruhusa, lakini nimeliandika kwenye daftari langu, kamili.

Jina la mtu wa stesheni sijalipata. Nimewauliza wazee wachache niliokuwa nao kule. Mmoja anakumbuka baiskeli yake, kwamba ilikuwa ya kijani. Bibi mmoja anakumbuka kwamba alikuwa na mbwa, na mbwa aliitwa Simba. Jina la mbwa limebaki.

Nilifika nyumbani usiku. Mama watoto alifungua vifurushi kimoja kimoja, akanusa, na kwa mara ya kwanza katika mambo ya viungo akaniambia nimefanya vema. Sikumwambia kwamba sifa hizo ni za mtu mwingine. Badala yake nilimwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia kwa miaka hamsini: kwamba zile kanga zake za harusi, na moja bado anayo sandukuni, sikuzilipia.

Alikaa kitako juu ya kigoda, kifurushi cha mdalasini mkononi.

"Yule Mhindi wa stesheni?" akauliza.

"Ndiye."

"Alikuwa mtu mwema," alisema. Kisha, baada ya kufikiri kidogo: "Hivi aliitwa nani?"